Kulia si Kupiga Ukunga

Si mara moja wala mbili walimu wenzetu wametuuliza: neno la Kiingereza "cry" tulifasirije kwa Kiswahili? Wengi huuliza kwa adabu tu, maana jibu wanalo tayari. "Cry" ni kulia, yamekwisha. Nasi kwa miaka mingi tulijibu hivyo hivyo. Katika makala haya twakusudia kuonyesha kwamba jibu hilo ni fupi mno, na kwamba ufupi wake unawapunja wanafunzi wetu jambo kubwa kuliko alama za mtihani. Tena twakusudia kukiri kosa letu wenyewe, kwani mwalimu asiyekubali kusahihishwa hana haki ya kushika kalamu nyekundu.

Kosa lenyewe lilitokea hivi. Tulikuwa tukifundisha darasa la sekondari hapa Uganda, tukawapa wanafunzi kifungu kifupi cha Kiingereza wakitafsiri. Kisa kilikuwa cha mjane aliyevamiwa usiku na wezi wa ng'ombe. Mjane yule, kwa maneno ya kifungu, "cried" mara tatu. Majirani wakatoka na mikuki na tochi, wezi wakatimua mbio, na ng'ombe wakabaki zizini. Karibu wanafunzi wote waliandika kwamba mjane "alilia mara tatu." Binti mmoja tu, mzaliwa wa Ankole, aliandika kwamba mjane "alipiga nduru mara tatu." Tukalikata neno lake kwa wino mwekundu, na pembeni tukaandika: "Hii ni lugha ya nyumbani. Andika: alilia."

Binti akaja mezani na daftari lake, akauliza kwa heshima zote: "Mwalimu, kama mama yule alilia tu, majirani walikuja kufanya nini?"

Hatukuwa na jibu. Tulimwambia arudi akakae. Lakini swali lile halikutuacha tukakaa nalo kwa raha, na kila tulipolirudia tuliona kwamba mwanafunzi alikuwa amekielewa kisa kuliko mwalimu. Mtu akilia usiku, jirani huweza kugeuka kitandani, akasema moyoni, "Maskini, ana huzuni zake," akalala. Mtu akipiga ukunga, jirani asiyetoka ana la kujibu asubuhi. Kwa kalamu yetu tulikuwa tumewafuta majirani wote katika kisa kile, tukamwacha mjane peke yake na machozi yake.

Basi na tulichunguze neno lenyewe. "Cry" si neno la asili ya Kiingereza. Waingereza walilipokea kutoka Kifaransa cha kale katika karne ya 13, nacho Kifaransa kililirithi kutoka Kilatini, ambako kitenzi chake kilikuwa quiritare. Varro, mwanachuoni wa Kirumi aliyeishi katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, alieleza kwamba kitenzi hicho kinatokana na Quirites, jina walilojulikana nalo raia wa Roma. Kwa maelezo yake, quiritare ni kuwaita raia wenzako waje kukuauni. Wataalamu wa leo hawaafikiani wote na asili hiyo. Hata hivyo yatutosha kujua kwamba Mrumi mwenye elimu, alipolisikia neno hilo, alisikia ndani yake wito kwa jamii.

Na machozi je? Kwa machozi Kiingereza kilikuwa tangu kale na neno lake, "weep." Ni katika karne ya 16 hivi ndipo "cry" lilipoanza kutumika pia kwa maana ya kutokwa na machozi, na polepole likalisukuma "weep" kando, hata leo hilo la pili likabaki zaidi katika vitabu na maombolezo. Kwa hiyo maana tunayoitanguliza sisi darasani, ile ya mtoto aliyeanguka na kulia, ndiyo changa. Maana kongwe ni kupaza sauti ili mtu asikie na atende.

Ushahidi mkubwa wa maana hiyo kongwe umo katika sheria za Waingereza wenyewe. Zama za kati, kabla hawajawa na polisi, walikuwa na desturi iliyoitwa "hue and cry." Aliyeibiwa au kuvamiwa alipaza ukelele, na kila aliyeusikia alipaswa kuacha shughuli zake, kuupokea, na kumfuata mhalifu, kijiji hata kijiji. Sheria ya Winchester ya mwaka 1285, katika enzi ya Mfalme Edward wa Kwanza, iliitia nguvu desturi hiyo na kuwabebesha wakazi wa eneo lote dhima ya wizi uliotendeka kwao, iwapo hawakumtoa mhalifu. Mabaraza ya vijijini yaliwatoza faini watu wa namna mbili: aliyeusikia ukelele asiuitikie, na aliyeupaza bila sababu ya haki. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1827. Leo Mwingereza akisema "hue and cry" huenda anakusudia tu malalamiko ya magazetini. Lakini mzizi wa msemo ni wajibu, na wajibu huo uliwahi kuwa na faini.

Msomaji wetu wa Uganda, Rwanda au Burundi hataona ajabu katika habari hizi, bali atasema, "Kumbe nao walikuwa na induru!" Waganda huita enduulu, Wanyankole enduuru, Wanyarwanda na Warundi induru. Tanzania nako, miongoni mwa Wasukuma na Wanyamwezi, ukelele wa namna hiyo huitwa mwano, nao ulikuwa silaha kubwa ya vikundi vya sungusungu vilivyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980. Na katika Kiswahili cha Kenya husikika kila siku kwamba fulani "amepiga nduru." Neno tulilolikata kwa wino mwekundu, tukiliita lugha ya nyumbani, lilikuwa limekwisha kuingia katika Kiswahili kwa mlango mwingine, nasi tulikuwa tumelala.

Yafaa pia tutazame kitenzi kinachoandamana na majina haya. Mganda husema kukuba enduulu, yaani kuipiga. Na shangwe pia huzipiga: kukuba emizira. Mnyarwanda husema kuvuza induru, na kitenzi hicho hicho hukitumia kwa vigelegele, kuvuza impundu, na kwa ngoma, kuvuza ingoma. Mswahili naye hupiga ukunga, hupiga mayowe, hupiga vigelegele, hupiga mbiu, na ngoma huipiga vile vile. Hakuna apigaye machozi. Lugha zetu zimekata kauli kwamba ukelele wa wito ni kama chombo: mtu hukishika, akakipiga, ili wengine wasikie. Kulia humtoka mtu. Ukunga mtu huupiga. Tofauti hii haimo katika kitenzi kimoja cha Kiingereza, imo katika Kiswahili, nasi ndio tunaoipoteza kila tunapoandika "alilia."

Hebu sasa tuhesabu mali tuliyo nayo, ili tuone kama kweli tuna sababu ya kuishi kimaskini.

Kwanza, ukelele. Huu ni sauti moja kali, iwe ya hofu, ya vita au ya kuita. Wingi wake ni kelele. Na hapa lugha imefanya jambo la busara. Ukelele mmoja una ujumbe. Kelele zikiwa nyingi hugeuka ghasia isiyo na maana. Ndiyo maana wahenga walisema kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Mtafsiri anayeandika kwamba mjane "alipiga kelele" hajakosea sana, lakini aangalie asije akamfanya mjane kuwa chura.

Pili, yowe, ambalo wingi wake mayowe ndio usikikao zaidi. Hili hubeba hofu na maumivu, nalo huwatoa watu nje hata kama mwenye kulipiga hakukusudia kuita mtu.

Tatu, ukunga. Huu ni wito halisi wa msaada. Twajua kwamba walimu wengine huuepuka kwa sababu siku hizi ukunga, mwanafunzi akiusikia, humkumbusha kazi ya mkunga anayezalisha. Ni kweli maneno hayo yamefanana. Lakini kitenzi hutenganisha: ukunga wa uzazi mtu huusomea au huufanya, ukunga wa hatari huupiga. Anayefundisha jambo hilo kwa dakika mbili ataliokoa neno lisife.

Nne, mbiu. Hii ni sauti ya tangazo, awali ya baragumu la pembe. Mtu ambaye Kiingereza humwita "town crier," yule wa kutangaza habari mitaani, si mliaji. Ni mpiga mbiu. Na anayetangaza bidhaa sokoni hunadi, ndipo tukapata mnadi na mnada. Wahenga walisema, la mgambo likilia lina jambo. Hapo pembe ndilo linalolia, na kitenzi kulia kimesimama mahali pake, kwani kengele, bunduki, ndege na ngoma vyote hulia kwa Kiswahili. Binadamu ndiye ambaye, akisemwa kwamba analia, msikilizaji wa leo hutafuta kitambaa cha kumfutia machozi.

Tano, vigelegele, hoihoi, nderemo na vifijo. Hizi ni sauti za furaha, nazo pia zina wajibu wake: kigelegele cha mwanamke mmoja harusini hudai kuitikiwa na wenzake, na anayenyamaza hutazamwa vibaya.

Sita, kilio. Jina hili linastahili heshima ya pekee. Kulia ni kwa mtu mmoja, lakini kilio, katika mazoea ya Waswahili, ni pia msiba wenyewe pamoja na watu waliokusanyika. Twasema fulani amekwenda kilioni, nasi twaelewa kwamba amekwenda kukaa na wafiwa. Hapo machozi ya mmoja yamekuwa mkusanyiko wa wengi. Kwa hiyo hatusemi kwamba kulia ni neno duni. Twasema lina nyumba yake, nalo lisihamishiwe katika kila nyumba.

Tuyapime haya kwa vitabu ambavyo walimu wetu wengi wanavijua. Alan Paton wa Afrika ya Kusini alitoa mwaka 1948 riwaya yake Cry, the Beloved Country. Miaka kumi na sita baadaye, mwaka 1964, Ngũgĩ wa Thiong'o alitoa Weep Not, Child, jina alilolichukua katika shairi la Mmarekani Walt Whitman. Majina mawili, vitenzi viwili vya Kiingereza. Mwanafunzi huvifasiri vyote viwili kwa kitenzi kimoja, lia na usilie. Amekosea? Twaonelea hapana. Riwaya ya Paton ni ya baba waliopoteza wana na ya nchi iliyofiwa. "Cry" katika jina lake limeelekea kwenye maombolezo, na kulia, pamoja na kilio kilichomo nyuma yake, kunalibeba vyema. Mwanafunzi hapo apewe alama zake zote.

Lakini tazama tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar, ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili na kuitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1963. Katika sehemu ya tatu, Antony akiwa peke yake mbele ya maiti, anatabiri kwamba roho ya marehemu itarudi kutafuta kisasi na, kwa sauti ya mfalme, "itacry" amri ya maangamizi. Amri hiyo, "havoc," ilikuwa amri halisi ya kijeshi: ikitolewa, askari waliruhusiwa kuteka nyara. Kanuni za vita za Mfalme Richard wa Pili za mwaka 1385 zilimtishia kifo yeyote atakayeipaza bila idhini. Roho ile hailii, wala haiombi msaada. Inatoa amri, na watakaoisikia wataua. Mwanafunzi akiandika hapo kwamba roho "italia," amelipokonya jukwaa tisho lake lote, akaweka mzimu wenye huzuni mahali pa jemadari. Hapo pafaa kupiga mbiu, au kuamrisha kwa sauti kuu.

Hata Biblia yatufundisha uangalifu. Tafsiri ya Muungano, iliyotoka mwaka 1952, imetumia kitenzi kulia kwa yule anayepaza sauti nyikani kutengeneza njia ya Bwana. Watafsiri wale walikifahamu kitenzi hicho katika upana wake wa zamani, upana ule ule wa pembe la mgambo. Lakini mara ngapi tumewasikia watoto wakieleza kwamba Yohana Mbatizaji alikuwa akitoa machozi jangwani! Kosa si la watafsiri wala la watoto. Upana wa neno umepungua, nasi hatukuwaambia.

Misemo nayo yatuunga mkono. Kiingereza husema "to cry wolf," kwa kufuata hadithi ya Esopo ya mchungaji aliyewadanganya wanakijiji kwamba mbwa mwitu amekuja. Dhambi ya kijana yule si kulia. Ni kupiga ukunga wa uongo, yaani kuiharibu ile ahadi ambayo kijiji kizima kimeisimamia. Anayefasiri kwamba "alilia mbwa mwitu" ameandika jambo ambalo Mswahili hawezi kulielewa hata akilirudia mara saba. Kiingereza husema tena "a far cry" kwa mambo yaliyo mbalimbali sana. Asili yake ni umbali ambao sauti haiwezi kuufikia. Sisi husema mbingu na ardhi. Husema pia mtu asilie juu ya maziwa yaliyomwagika. Hapo ni machozi hasa, nasi hujibu kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Na "decry," ambalo leo ni kushutumu, hapo zamani lilikuwa kutangaza hadharani kwamba sarafu fulani imepunguzwa thamani. Lilianza kwa mpiga mbiu, si kwa mliaji.

Wenzetu wengine watatupinga. Watasema kwamba mwanafunzi wa nchi zetu, ambaye hakuzaliwa na Kiswahili, ana mzigo wa kutosha. Apewe neno moja la "cry" atembee nalo, mengine atayaokota njiani. Hoja hii ina huruma ndani yake, nasi hatuidharau. Lakini mwanafunzi wetu haji mikono mitupu. Tayari nyumbani kwao anapambanua induru na impundu, enduulu na machozi, tangu hajajua kusoma. Kumfundisha kwamba yote hayo kwa Kiswahili ni kulia si kumpunguzia mzigo. Ni kumwambia kwamba Kiswahili ni maskini kuliko lugha ya mama yake, jambo ambalo si kweli, na ambalo litamfanya akidharau Kiswahili akiwa mtu mzima. Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoidhinisha mwaka 2022 kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari, hatuna budi kuwa waangalifu zaidi, kwani makosa yetu yatakuwa na wanafunzi wengi wa kuyarithi.

Tena jambo hili halikomei darasani. Fungua gazeti lolote la Kiswahili, utaona wakulima "walia na bei," wafanyakazi "walia na mishahara," wakazi "walia na maji." Kile ambacho Kiingereza kingekiita "outcry," yaani sauti ya watu wanaodai haki na kutazamia jibu, sisi tumekifanya machozi. Mtu anayelia huhurumiwa, na huruma haina tarehe ya mwisho. Mtu anayedai hujibiwa. Mhariri akiandika kwamba wakulima wamepaza sauti, au wamedai, hajatumia nafasi kubwa zaidi katika ukurasa. Lakini amemweka msomaji mahali pa jirani aliyeusikia ukunga.

Basi shauri letu kwa walimu ni hili. Mwanafunzi anapokutana na "cry," asikimbilie kamusi kwanza. Ajiulize maswali mawili: sauti hii yaelekezwa kwa nani, na aliyeisikia yampasa afanye nini? Ikiwa haielekezwi kwa yeyote, yaelekea ni kulia. Ikiwa yadai watu waje, ni ukunga, yowe au nduru. Ikiwa yadai wasikilize, ni mbiu. Ikiwa yadai washangilie, ni kigelegele au kifijo. Ikiwa yadai wanunue, ni kunadi. Kamusi itakuja baadaye kuthibitisha.

Nasi deni letu tumekwisha kulilipa, ingawa kwa kuchelewa. Muhula uliofuata tulimwita binti yule mbele ya wenzake, tukamwomba daftari lake, tukaifuta alama yetu na kuandika pembeni: "Sahihi. Majirani walikuja kwa sababu waliitwa." Akatazama, akacheka kidogo, akasema, "Asante, Mwalimu." Kisha akarudi mahali pake, nasi tukaendelea na somo.